Nilisoma Sheria Kuanzia Mstari wa Pili

Wahenga walikuwa na sheria yao fupi kuhusu wageni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali ilipoandika ya kwake iliongeza muda kidogo, na badala ya jembe ikampa mgeni fomu ya kodi. Mimi nililipwa mshahara katikati ya sheria hizo mbili, hapa Nyeri mjini, kwa miaka ishirini na minane. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabia wageni siku zao. Mke wangu Gathoni husema nilijua tarehe ambayo kila mzungu aliingia nchini, lakini siku ya harusi yetu lazima nikumbushwe, na hata nikikumbushwa nabisha.

Naandika haya kwa sababu ya vijana wawili walionitembelea hapa Skuta majuzi. Wameajiriwa katika ofisi ya uhasibu, na wateja wao ni wageni wanaokaa Nanyuki miezi na miezi, wakifanya kwa kompyuta kazi ya kampuni za kwao. Mmoja aliniuliza, akiniita babu kwa Kikuyu, "Guka, hawa watu wanafaa kufanya aje ndiyo wasihesabiwe wakazi?" Alikuwa ameshika simu tayari kuandika jibu, kama mtu anayengoja kuambiwa bei ya viazi. Niliwapa chai, nikaanza na habari ya maharagwe, na walipoaga jioni nilikuwa sijafika kwenye sheria. Nadhani walikwenda wakisema mzee amezeeka. Basi wasome hapa, na nyinyi wengine mnaokuja nyuma yao msome pia.

Kwanza mjue kwa nini mgeni anahangaika. Akiwa mpita njia, serikali inaangalia tu alichopata hapa nchini. Akishahesabiwa mkazi, inaangalia hata mshahara anaolipwa kwao. Enzi zangu, aliyekaa siku mia moja themanini na tatu katika mwaka mmoja alikuwa mkazi. Aliyekuja mwaka hadi mwaka alikuwa na mtego wa pili: ukichukua mwaka huu na miwili iliyotangulia, wastani ukipita siku mia moja ishirini na mbili kwa mwaka, amenaswa. Kulikuwa na jambo jingine pia, lakini hilo nitalifikia kwa aibu yake. Sheria hubadilishwa, kwa hivyo msiende popote kuapa kwa jina langu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Gathumbi, mwenye ofisi ndogo ya uhasibu juu ya duka la blanketi. Alikuwa karani tangu enzi za mkoloni, na hakuamini kichwa cha mtu yeyote, hasa changu. "Kichwa ni ya kuvaa kofia," aliniambia siku ya kwanza. "Siku inawekwa kwa chupa."

Hakuwa anatania. Rafuni palikuwa na chupa, kila moja na jina la mteja. Kila asubuhi ambayo mteja alikuwa nchini, tulitia harage moja. Akisafiri, hatutii. Siku ya kufika tulitia, na siku ya kuondoka tulitia, hata kama ndege iliruka alfajiri. Mwisho wa mwaka tulimwaga na kuhesabu. Wageni wengi walidhani ukivuka mpaka wa Namanga ukala chakula cha mchana Arusha ukarudi, hesabu inaanza upya. Bwana Gathumbi aliwaonyesha chupa na kuwauliza kama wameona maharagwe yakiruka nje wakati wakila. Alikuwa mkali pia juu ya jambo moja: kuficha pasipoti ni wizi, kuondoka mapema ni akili, na ofisi yake iliuza akili peke yake.

Mteja wa kwanza niliyekabidhiwa peke yangu alikuwa mhandisi Mholanzi wa mifereji, aliyekuwa akipima maji huko Wang'uru, kwenye mpunga. Nilimtilia harage kila asubuhi kwa uaminifu. Siku zake zilipokaribia kuisha nilitandaza gazeti mezani nikamwaga chupa. Maharagwe yalikuwa yameingiwa na wadudu, mengine yametoboka, mengine meusi. Sasa niambieni, mtu aliyelelewa Nyeri akiona maharagwe mabovu kwenye gazeti anafanya nini? Nilichambua. Mkono ulifanya wenyewe, mabovu huku, mazuri huku, kama nilivyofundishwa na mama yangu nikiwa na miaka mitano. Mabovu nikayatupa dirishani, mazuri nikayahesabu, nikampigia simu mhandisi kwa furaha kwamba bado ana siku kumi na moja za akiba. Akasema vizuri, atangoja aone mpunga ukivunwa.

Bwana Gathumbi aligundua mwezi uliofuata, alipolinganisha na mihuri ya pasipoti.

"Wachira, hizi siku kumi na moja zilienda wapi?"

"Zilikuwa zimeoza, Bwana."

Alivua miwani. "Siku inaoza?"

Mhandisi alihesabiwa mkazi, akalipa, na kwa ungwana wake hakunishtaki. Kila Krismasi alituma ofisini debe la maharagwe na kikaratasi kilichosema: yamechambuliwa. Tangu hapo tuliacha chupa tukatumia daftari. Nilinunua la jalada gumu jeusi, nikachora mistari mwenyewe, nikaapa kwamba hakuna siku ya mtu itakayopotea tena mikononi mwangu.

Na haikupotea. Nililopoteza lilikuwa kubwa kuliko siku.

Katika daftari lile jina la kwanza lilikuwa la Bi Karin, mwanamke Mdenmaki aliyetumwa na jumba moja la makumbusho la kwao kuchunguza mimea ya Mlima Kenya. Alipanda juu kwenye baridi akapima majani ya lobelia, akateremka akakausha, akaandika, akapanda tena. Alikuja mara mbili kwa mwaka, wakati mlima umekauka. Kwa bidii yake watu wa upande wetu walimwita Nyawira, yaani mchapa kazi, na baada ya mwaka mmoja hata mimi nilikuwa naandika Nyawira kwenye bahasha.

Mwajiri wake alikuwa ameweka sharti moja. Kila mwisho wa mwaka ofisi yetu ilimwandikia barua kuthibitisha kwamba Nyawira si mkazi wa Kenya. Hawakutaka kushughulika na serikali mbili. Barua isipokwenda, kazi ya mlimani ingefungwa na yeye angeitwa kwao akae ofisini. Alikuwa na majani aliyoyatia alama akiwa kijana, yanayokua polepole sana, na alihitaji miaka mingine kuyafuata. Aliniambia waziwazi, "Wachira, wakinitoa kwa mlima, mimi nimekwisha." Kwa hiyo nilimpangia siku mia moja kumi na nane kila mwaka, hata moja zaidi hapana, na nilijiona mlinzi wa mlima mzima.

Gathoni wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mabati. Vijana, nyinyi mmezaliwa chini ya mabati hamjui ilikuwa nini. Nyumba zilikuwa za nyasi na zilivuja. Akina mama walichanga, wakanunua mabati ya mmoja wao, wakayabeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, wakamwezekea kwa vigelegele, kisha wakaanza kumchangia mwingine. Nyawira aliomba kuingia. Alichanga hata akiwa kwao, kwa kumtumia Gathoni, na akiwa hapa alibeba mabati mpaka kamba ikamwachia alama kwenye paji la uso. Alizijua nyimbo zote, ingawa aliziimba vibaya sana.

Zamu yake ikafika. Aliwaambia akina mama wamruke, kwa sababu hana nyumba ya kuezeka.

"Kwani unalalanga wapi?" Gathoni alimuuliza.

"Hoteli. Unajua."

"Hoteli ni ya wenyewe. Wewe yako iko wapi?"

Nyawira alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Gathoni alirudi nyumbani akiwa na hasira. Alisema mwanamke amefunika vichwa vya watu kumi na tisa, halafu yeye aachwe nje kama ng'ombe wa kununuliwa juzi? Mabati yatanunuliwa, nyumba itajua yenyewe itakavyoingia chini yake.

Hapo ndipo mimi, mtaalamu, nilipoingia. Nilitoa kona ya shamba letu huku upande wa Ruring'u. Nilitafuta mbao. Nilichukua ruhusa ofisini, nikapanda juu ya paa na nyundo, na misumari niliyogonga mwenyewe haikupungua nusu. Wengine huanza na msingi. Sisi tulianza na paa, na kwa siku sita nyumba ilisimama, chumba na jiko, mlango wa buluu. Nyawira alipofunguliwa mlango alishika ukuta kwa viganja viwili. Gathoni alimvisha ufunguo shingoni kwa uzi. Akina mama walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye chai.

Nami, kwa kuwa ni karani na karani haamini kitu kisichoandikwa, nilirudi ofisini nikapiga chapa karatasi. Niliandika kwamba nyumba hii ni makao ya kudumu ya Nyawira, awepo asiwepo, na itamngoja. Nikagonga muhuri. Na kwa kuwa mimi ni nadhifu, nakala niliiweka kwenye faili lake la kodi.

Jumatatu Bwana Gathumbi alifungua faili lile aandike barua ya mwaka. Aliniita kwa upole. Nilifanya kazi na yule mzee miaka mingi, na nilijua kelele yake haina madhara. Upole wake ndio uliokuwa mbaya.

"Wachira. Njoo unisomee hii sheria."

Nilianza kwa sauti nzuri. Siku mia moja themanini na tatu...

"Hapana. Anza juu."

Nikaanza juu. Mstari wa kwanza kabisa ulisema kwamba mtu mwenye makao ya kudumu nchini ni mkazi kwa mwaka wowote atakaokanyaga hapa, hata kwa muda mfupi vipi. Siku zilihesabiwa kwa yule asiye na makao. Nilikuwa nimeuona mstari ule mara mia na kuuruka mara mia, kwa sababu wageni wetu wote walikaa hotelini. Nilikuwa nasoma sheria kuanzia mstari wa pili. Siku zangu mia moja kumi na nane, daftari langu, mistari yangu ya rula, vyote havikuwa na maana tena, na aliyevibomoa alikuwa mimi, kwa nyundo yangu, juu ya paa, nikiimba.

Nilikaa chini bila kualikwa.

"Bwana, si tuitoe tu hii nakala?"

"Nikitoa nakala, nyumba itatoka?" Akaigeuza ile karatasi. "Amelala hapo?"

"Bado. Alisema atalala akirudi. Saa hii iko tu paka yetu."

"Anaondoka lini?"

"Alhamisi."

Akakuna kidevu. Alisema kama Nyawira ataiacha nyumba sasa, kwa kweli na si kwa maneno, kabla hajalala hata usiku mmoja, iwe ya watu wengine na yeye asiwe na ufunguo, ataandika barua akiwa na amani. La sivyo hataandika uongo. "Mimi ni mzee," akasema. "Siwezi anza kudanganya saa hii, sitaweza kukumbuka."

Jumanne mchana akina mama walikutana ndani ya nyumba mpya, nami nikasimama mbele yao. Nilieleza. Nilieleza tena. Mara ya tatu nilianza kutumia vidole.

"Ngoja kwanza," Gathoni alisema. "Ati mtu akikosa nyumba serikali inamwachilia, na akipewa nyumba inamshika?"

"Ni hivyo."

"Na wewe ulijua hiyo maneno?"

"Ilikuwa kwa mstari wa juu."

"Na wewe ulikuwa juu wapi?"

"Kwa paa," nikasema, na wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningejipiga mawe.

Kicheko kilipoisha mambo yakawa magumu. Wengine walisema zawadi iliyochezewa ngoma hairudishwi, ni laana. Wengine walisema bora aitwe mkazi, kwani ukazi ni ugonjwa? Ndipo mama mzee kuliko wote akauliza kama moto umewashwa. Tukatazama jikoni. Mahiga hayakuwepo, yale mawe matatu ya kuwekea sufuria. Tulikuwa tumeyasahau katika shangwe.

"Basi hii si mucii, si makao ya mtu," akasema. "Nyumba bila moto ni stoo. Iwe stoo ya kikundi. Mawe itangoja, haiozi."

Neno hilo la kuoza lilinichoma.

Nyawira aliitwa. Nilimweleza mwenyewe, kwa sababu Gathoni alikataa kunisaidia. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Wachira, si ni wewe ulinihesabia siku?"

"Ni mimi."

"Na si ni wewe uligonga hii misumari?"

"Ni mimi pia."

Alicheka kidogo, kisha uso ukamgeuka. Alitazama upande wa mlima, uliokuwa umefunikwa na mawingu, akatazama paa. Nilijua anapima kipi kizito. Alivua uzi shingoni akampa Gathoni ufunguo, akapita katikati ya akina mama bila kumwangalia mtu. Barua iliandikwa Jumatano. Ilikuwa barua ya kweli, na kazi ya mlimani iliokoka. Bwana Gathumbi aliniambia nimeponea chupuchupu. Nilikwenda nyuma ya duka la blanketi nikalia, na mfanyakazi wa duka akadhani nimefiwa.

Alirudi, ndiyo. Alirudi kila mwaka kwa miaka tisa mingine. Alishuka kutoka mlimani, akaja kwetu, akanywa chai nje ya stoo ya kikundi akiegemea ukuta wenye jua. Hakuwahi kulala humo. Jioni alitembea hadi hotelini na mkoba wake, nami nilimsindikiza hadi barabarani, kisha nikarudi kuandika siku nyingine kwenye daftari. Mistari yangu ilikuwa safi. Hakuna mwaka uliopita mia moja kumi na nane. Ni hesabu bora niliyowahi kufanya, na sikuwahi kuifurahia hata siku moja.

Vijana, yaliyo ya kazi ni haya. Someni mihuri, msimwamini mteja anayesema nakumbuka. Hesabuni kufika na kuondoka. Tazameni na miaka ya nyuma. Lakini kabla ya yote muulizeni mgeni: una kitanda chako hapa? Nani ana ufunguo? Mjukuu wa nani amekuita nyanya? Sisi watu wa huku hatuwezi kumwona mtu akizunguka bila kwake tukanyamaza. Tutampa jina, tutampa mwana-kondoo, tutampa kona ya shamba, na karani wake atashangaa kuona faili limejaa upendo na halifai tena.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, kukiwa na ile baridi yetu ya mvua nyembamba, Nyawira alifika mchana akiwa na masanduku mawili badala ya mkoba. Bwana Gathumbi alikuwa ameshazikwa, nami nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Alisema amestaafu yeye pia. Majani yamekamilika, mwajiri hana barua ya kungoja tena. Serikali ikitaka kumwita mkazi imwite.

Nami nilifanya nini? Mazoea ni kitu kibaya. Nilimwomba pasipoti. Nilivaa miwani, nikafungua daftari langu jeusi, nikaanza kumweleza kwamba tukianzia leo, na tukikumbuka wastani wa miaka miwili...

"Wachira," Gathoni akasema, "leta hiyo kitabu."

Akina mama waliosalia walikuwa wameshaingia jikoni, kila mmoja akiinama polepole kwa sababu ya magoti. Mawe matatu yalikuwa pale. Kuni zilikuwa mbichi na kiberiti cha tatu kilikuwa kimezimika. Gathoni alitoa ufunguo wa mlango wa buluu mfukoni mwa aproni, akamvisha Nyawira, kisha akampa na daftari. Nyawira alilifungua. Alipitisha kidole kwenye mistari yangu ya rula, ukurasa baada ya ukurasa, siku zake zote za kuondoka. Aliuliza kama nina nakala.

Nilisema sina.

Akararua ukurasa wa kwanza, akaukunja, akauweka chini ya kuni. Karatasi yangu ilikuwa kavu sana. Ilishika moto mara moja, na jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane, kazi yangu ilimpa mtu joto.